Kiti mwendo cha mtoto: kipimo kwanza, mfadhili baadaye

Barua za kuomba kifaa cha mtoto mwenye ulemavu, zile nilizopata kuziona Moshi na Arusha, zinafanana sana. Juu kuna anwani ya mkuu wa wilaya, mbunge au askofu. Katikati kuna maelezo ya maisha magumu, ambayo ni ya kweli kabisa. Chini kuna ombi: "Naomba msaada wa kiti mwendo." Vipimo vya mtoto havimo, aina ya kifaa haijatajwa, bei haipo, wala jina la karakana itakayokitengeneza. Anayeisoma anaweza kuguswa hadi kulengwalengwa na machozi, lakini hajui anunue nini, kwa nani, kwa shilingi ngapi. Barua inaingia kwenye faili, mzazi anaambiwa asubiri, na anarudi nyumbani akiamini kwamba hakuna fedha.

Mara nyingi fedha zipo. Kilichokosekana ni kazi ya mwanzo.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa huduma za viti mwendo kwa nchi zisizo na uwezo mkubwa. Mwongozo huo uliigawa huduma katika hatua 8: rufaa na miadi, tathmini, kuandikiwa kifaa, kupata fedha na kuagiza, kuandaa kifaa, kumkalisha mtoto na kurekebisha, kumfundisha yeye na familia yake, kisha ufuatiliaji na matengenezo. Fedha iko hatua ya 4. Wazazi wengi wanaanzia hapo kwa sababu ndiyo inayowanyima usingizi, na ukianzia hapo unaomba kitu ambacho wewe mwenyewe bado hukijui.

Nasisitiza tathmini kwa sababu kifaa kisichomfaa mtoto kinamuumiza. Mchukue mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo yake haijakaza na kiwiliwili chake kinaangukia upande mmoja. Ukimkalisha kwenye kiti mwendo cha mtu mzima, kile cha turubai kilichoshushwa kwenye kontena la misaada, anateleza, anajikunja, anapaliwa kila anapolishwa. Akikaa hivyo siku nenda rudi, mgongo unaanza kupinda. Mtoto mwenye mgongo wazi, yaani aliyezaliwa uti wa mgongo ukiwa haujafunga, ana hatari nyingine: makalio na miguu yake huenda havina hisia. Akikaa bila mto uliotengenezwa kupunguza mgandamizo, kidonda kinaanza kimya kimya, naye halii kwa sababu hasikii maumivu. Mama anakikuta anapomwogesha, na kufikia hapo kimeshachimba ndani. Vidonda vya namna hiyo vinalaza watoto wodini kwa muda mrefu, na vinaweza kuua. Kwa mtoto huyu mto ni sehemu ya kiti. Ombi lisiloutaja mto halijakamilika.

Kwa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Katika eneo la Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kufundisha mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa saidizi, ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika na kimefundisha pia mafundi wa viti mwendo. Kwenye eneo hilo hilo wanafundishwa wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kazi. Maana yake ni kwamba watu wanaojua kumpima mtoto, kuchagua kifaa na kukirekebisha hawako ng'ambo ya bahari. Upande wa Arusha, kituo cha KKKT cha Usa River kimefanya kazi na vijana wenye ulemavu kwa miaka mingi, na The Plaster House inapokea watoto wanaopona baada ya upasuaji wa kurekebisha viungo. Hospitali za rufaa za mikoa, Mawenzi na Mount Meru, zinaweza kumwandikia mtoto rufaa. Anzia kliniki iliyo karibu nawe, useme waziwazi: "Naomba mwanangu afanyiwe tathmini ya kifaa saidizi." Sentensi hiyo inafungua njia tofauti na "mwanangu anaumwa miguu".

Tathmini nzuri inapima mwili: upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, urefu kutoka goti hadi kisigino, kimo cha mgongo. Pia inauliza anakoishi. Mtoto wa Kibosho au Old Moshi anapita kijinjia katikati ya migomba, mteremko mkali, na masika tope linanata hadi kwenye kifundo cha mguu. Kiti chenye magurudumu madogo mbele kitazama. Anahitaji kile cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililosogezwa mbali ili kisipinduke, aina ambayo shirika la Motivation la Uingereza liliibuni kwa ajili ya ardhi mbovu. Mtoto wa Ngarenaro anayepandishwa daladala kwenda shule anahitaji kinachokunjika. Mtaalamu akisahau kuuliza, mwambie. Mwambie pia kama mlango wa nyumba ni mwembamba na kama choo kiko nje. Na uliza matairi: yakiwa ya kipimo cha baiskeli ya kawaida, tairi na tyubu utavipata Mbuyuni au Kiboriloni. Yakiwa ya kipimo cha ajabu, kiti kitalala siku tairi litakapopasuka.

Utoke pale na karatasi mbili. Ya kwanza ni ripoti ya tathmini yenye saini, muhuri na maelezo kamili ya kifaa. Ya pili ni profoma, yaani hati ya bei kabla ya kununua, kutoka karakana au muuzaji, yenye bei ya kila kitu kikiwa peke yake: kiti, mto, mikanda, meza ya mbele, egemeo la kichwa, ufundi wa kukirekebisha. Bila karatasi hizi mbili, usiandike barua kwa mtu yeyote.

Sasa fedha zenyewe. Kuna mambo matatu ambayo mtaani yote yanaitwa "msaada", na kuyachanganya kunawapotezea wazazi muda mwingi.

Mkopo unarudishwa. Mfuko unaozungumzwa zaidi kwenye mikutano ya mtaa ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa mwaka 2018 ili kuilazimisha kila halmashauri kuitenga. Haina riba, na ni jambo jema sana, lakini ni mkopo wa kuendeshea shughuli ya kipato. Mzazi anayekwenda pale kuomba kiti ataambiwa "huu si mfuko wako", na atakuwa ameambiwa ukweli. Hata hivyo mama aliyeacha biashara ili amlee mtoto anaweza kuingia kwenye kikundi cha wanawake na kuitumia ile asilimia 4 kurudi kwenye biashara. Kiti hakitatoka hapo, ila tyubu za miaka ijayo zinaweza kutoka hapo.

Ruzuku hairudishwi, ila inadai maelezo ya ilivyotumika, na karibu kila mara hupewa taasisi. Mtu mmoja mmoja haipati. Nitalirudia hili chini kwa sababu ndilo fundo kubwa.

La tatu ni kifaa chenyewe, kinachotolewa bila fedha kupita mkononi mwako: kontena la viti, ugawaji wa halmashauri, zawadi ya mbunge siku ya mkutano. Kipokee, lakini mpeleke mtoto nacho kwa mtaalamu kabla hajaanza kukikalia. Kikubwa kinaweza kupunguzwa kwa sponji na mbao mikono ya fundi ikihusika. Kingine hakirekebishiki, na ni afadhali kukikataa kwa heshima hapo hapo.

Kwa upande wa serikali, mlango wako ni Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au wa halmashauri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa kwenda juu. Hakikisha jina la mtoto liko kwenye orodha ya mtaa wako. Halmashauri inapopata viti au inapopanga bajeti, inahesabu walioandikwa. Mtoto anayefichwa ndani hayumo kwenye hesabu, na wapo watoto wengi Uchagani na Umeruni ambao jirani wa nyumba ya tatu hajui kama wapo. Kumwandikisha hakugharimu kitu. Kumbuka pia kwamba mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mipango yake hufanyika miezi mingi kabla. Ombi linalofika Mei linakuta fedha zimeshapangiwa kazi. Lifikishe kabla ya Krismasi.

TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, haiombwi kwa barua. Kaya zinaibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kwa hiyo usikose mkutano huo. Bima ya afya ina kitita chake. Peleka ripoti ya tathmini dirishani, uulize kifaa kimoja kimoja kwa jina, kwa sababu splinti au kifaa cha mguu kinaweza kujibiwa tofauti na kiti mwendo. Hospitali kubwa zina ofisi yao ya ustawi wa jamii, na huko ndiko msamaha wa gharama za matibabu unakozungumzwa. Kamwone afisa huyo kabla bili haijatoka, utakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusikilizwa.

Mwenye ndugu Ulaya au Marekani anayetaka kutuma kiti ajue hili: Sheria ya VAT ya 2014 imeviweka vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye mahitaji maalumu kwenye msamaha, na jedwali la ushuru la Afrika Mashariki haliviwekei viti mwendo ushuru wa forodha. Gharama za wakala, bandari na kuhifadhi mzigo bado zipo. Piga hesabu zote kabla kiti hakijapanda meli. Ukijumlisha na tatizo la vipuri, mara nyingi ni afadhali ndugu huyo atume fedha kwa karakana ya Moshi.

Turudi kwenye lile fundo. Kwa nini mfadhili mkubwa haandiki hundi kwa jina la mzazi? Kwa sababu naye anahojiwa. Lazima aonyeshe risiti, mkaguzi, akaunti ya taasisi na mtu wa kuwajibika kifaa kikipotea. Mpango wa ruzuku ndogo wa Ubalozi wa Japan, unaojulikana sana nchini, hutoa fedha kwa mashirika yasiyo ya faida, shule, hospitali na halmashauri. Mtu binafsi hayumo. Rotary ina klabu Moshi na Arusha, na Mfuko wa Rotary una ruzuku ya kimataifa ambayo mradi wake hauwezi kuwa chini ya dola 30,000. Hiyo ni fedha ya karakana nzima au ya watoto wa wilaya, na inaombwa na klabu zenyewe. Liliane Fonds ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, inafanya kazi kupitia mashirika wenza. Mzazi anayetuma barua pepe moja kwa moja kwa wafadhili wa namna hii anakosa hata mtu wa kumjibu, akaja kuamini kwamba wazungu wamemdharau. Aligonga mlango ambao hata mkurugenzi wa hospitali hauingii bila makaratasi ya taasisi.

Kwa hiyo tafuta mwenyeji, taasisi iliyosajiliwa itakayombeba mtoto wako ndani ya ombi lake. Moshi kuna vituo vya watoto wenye ulemavu vya Building a Caring Community, vinavyohusiana na Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT. Kuna vitengo vya elimu maalumu kwenye shule za msingi, na Tengeru kuna Chuo cha Ualimu cha Patandi chenye walimu wanaoijua mitandao hii vizuri. Kuna vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Kwa watoto wenye mgongo wazi au kichwa kikubwa kuna chama chao, ASBAHT. Unapokwenda, usiombe kiti. Uliza: "Mna mfadhili wa vifaa vya watoto? Maombi yanapokelewa lini? Mwanangu ameshapimwa, karatasi hizi hapa." Taasisi inayotafuta watoto wa kuweka kwenye andiko lake itafurahi kuona aliyekuja na vipimo, kwa sababu umeshawapunguzia kazi.

Pasipo na mwenyeji, wazazi wawe mwenyeji wao wenyewe. Kikundi cha wazazi kinasajiliwa halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, kikiwa na katiba, viongozi na akaunti ya benki. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, sitaki kudanganya. Kuna vikao, kuna mwekahazina wa kuaminika wa kupatikana, kuna mama anayeshindwa kuja kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Lakini maombi ya watoto kumi kwa pamoja yana nguvu ambayo la mmoja halina: mtaalamu anaweza kuja kuwapima siku moja, karakana inaweza kupunguza bei, na mfadhili anaona mradi. Hata mbunge, ambaye mfuko wake wa kuchochea maendeleo ya jimbo umewekwa kwa miradi ya wananchi, ana cha kujadili mbele ya kamati.

Wadogo pia wapo, na hawa ndio wenye haraka. Usharika, jumuiya ndogondogo, msikiti wenye kamati ya zaka, wafanyabiashara wa soko moja. Kwao mzazi binafsi anaweza kwenda, akiwa na zile karatasi mbili. Barua iwe ya ukurasa mmoja, na iseme mambo kama haya:

"Mwanangu ana miaka 6, tunaishi Kibosho. Ana mtindio wa ubongo na hawezi kukaa bila kushikwa. Amepimwa na mtaalamu wa viti mwendo, ripoti yake imeambatishwa. Anahitaji kiti cha mtoto chenye egemeo la kichwa, mkanda wa nyonga, mto na meza ya mbele, kinachoweza kupita njia ya mteremko. Bei iko kwenye profoma. Familia imechanga theluthi moja. Tunaomba sehemu iliyobaki, nayo ilipwe moja kwa moja kwa karakana. Akiwa na kiti hiki ataweza kula akiwa ameketi na kukaa darasani, ambako mwalimu ameshakubali kumpokea."

Sentensi ya kulipa karakana moja kwa moja ndiyo inayoondoa hofu nyingi kuliko zote. Mchango wa familia nao una uzito, hata ukiwa mdogo. Kilimanjaro tuna Desemba: ukoo wote unarudi nyumbani, kikao kinakaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na fedha za harusi na misiba zinachangwa bila kusukumwa. Mtoto asiyeweza kukaa ana haki ya kuwa ajenda kwenye kikao hicho. Asiwe wa mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuaga.

Umasikini wa familia utajwe kwa sentensi moja inatosha. Picha ya mtoto akiwa amelala chini uchi au akidondokwa mate haihitajiki, na akikua ataikuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda habari za afya yake kama za mtu mwingine yeyote. Atakayekuambia ulipe "ada ya fomu" ili mfadhili akutazame, mwache. Fomu za ruzuku ya kweli haziuzwi kwa njia ya simu.

Wakati barua zinazunguka, mtoto asisubiri akiwa amelala kitandani. Kiti cha kona na stendi ya kusimamia vinaweza kutengenezwa na seremala wa mtaani kwa mbao, mradi mtaalamu ametoa vipimo na amerudi kukagua kabla ya kutumika. Kuna pia viti vya maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, ufundi ulioanzia Zimbabwe na kuenea Afrika, vyepesi na imara vikikaushwa vizuri. Gharama yake mara nyingi inabebwa na jumuiya moja, bila andiko lolote. Kwa mtoto ambaye hajawahi kukaa wima, kuuona uso wa mama yake akiwa ameketi ni kitu kikubwa, na hakistahili kungoja kikao cha bodi ya nchi nyingine.

Kuhusu kiwango cha uhitaji, ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji. Foleni ni ndefu. Ndiyo maana mwenye makaratasi kamili anaitwa mapema.

Kifaa kikipatikana, zile hatua nne za mwisho zidai kama ulivyodai kiti. Usikipokee kwenye sherehe na kuondoka nacho. Mtoto akalishwe, mikanda ikazwe, ufundishwe jinsi ya kumtoa na kumrudisha, na jinsi ya kukagua ngozi ya makalio kila jioni. Panga tarehe ya kurudi karakana kabla hujaondoka. Mtoto anakua, na kiti alichopimiwa akiwa na miaka 6 kitambana akifika 8 au 9. Kwenye bajeti ya ombi la kwanza weka mstari wa matengenezo na nauli ya kliniki, kwa sababu wafadhili wengi wanaukubali ukiwepo mwanzoni na wanaukataa ukiletwa baadaye. Miezi mitatu baada ya kukipokea, mwandikie aliyelipa: kiti kinatumika hivi, hiki kimelegea, hiki kimesaidia. Tunza nakala ya barua hiyo pamoja na ripoti ya tathmini, profoma na risiti, maana ombi la kiti kinachofuata litaanzia kwenye bahasha hiyo.